NDOVU WA TABORA
Mnunuzi wa Sarafu za Dhahabu Apime Kabla ya Kulipa

Katika sarafu zote zilizopata kutumika Afrika ya Mashariki, ni chache zinazotafutwa kwa hamu kama ile ndogo ya dhahabu yenye picha ya ndovu, iliyopigwa Tabora katika mwaka 1916. Upana wake ni kama milimita 22 tu, yaani karibu sawa na pauni ya dhahabu ya Kiingereza, na watu wengine huiita sovereni ya Tabora. Wakusanyaji wa sarafu za kale huilipia bei inayopita mara nyingi thamani ya dhahabu iliyomo ndani yake. Na palipo na tofauti kubwa namna hiyo baina ya bei ya kitu na bei ya madini yake, mafundi wa bandia hawako mbali. Ndovu wa uongo ni wengi. Wengine ni shaba iliyochovywa dhahabu, wengine ni dhahabu kweli lakini hawakuzaliwa Tabora, na mtu aliyetoa akiba yake ya miaka mitatu kumnunua mmoja wao huujua msiba wake siku anapotaka kumwuza.

Yafaa kwanza kueleza asili ya sarafu hiyo, maana aijuaye asili yake hadanganyiki upesi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, pamoja na Rwanda na Burundi, ilikuwa chini ya Wadachi. Fedha yao ilikuwa rupia, na tangu 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100. (Neno hela, ambalo Waswahili hulitumia hata leo kwa maana ya fedha, ni masalio ya heller hizo.) Manowari za Kiingereza ziliifunga pwani, na sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ulaya kama zamani. Serikali ya Wadachi ilichapa noti za dharura, lakini watu hawakuzipenda. Askari na wapagazi walitaka fedha ya madini, inayolia ikiangushwa mezani. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ilipofanywa kiwanda cha sarafu. Zilipigwa hapo heller 5 na heller 20 za shaba, na tena vipande vya dhahabu vya rupia 15, dhahabu yenyewe ikitoka katika mgodi wa Sekenke, nchi ya Iramba. Jumla ya vipande hivyo vya dhahabu ni 16,198. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliuingia mji wa Tabora, na sarafu ya namna hiyo haikupigwa tena.

Upande mmoja wa sarafu una tai wa Dola ya Udachi pamoja na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani ya rupia 15. Upande wa pili yupo ndovu aliyeinua mkonga wake mbele ya milima, kama anayepiga kelele, pamoja na mwaka 1916 na herufi T, ambayo ndiyo alama ya Tabora. Ziko aina mbili tu. Katika aina moja, nakshi iliyo upande wa kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA; katika aina ya pili huishia chini ya herufi A ya kwanza ya neno hilo. Muuzaji anayeonyesha nakshi iliyoishia mahali pengine na kusema kwamba hiyo ni aina ya tatu, adimu kupita zote, amejifunua mwenyewe.

Dhahabu yake si safi. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 750 ni dhahabu na zilizobaki ni madini ya kuchanganyia. Masonara wangesema ni dhahabu ya karati 18. Uzito wake ni gramu 7.168, kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.376. Jambo hili lina ajabu yake. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Udachi, na sarafu ya dhahabu ya mark 20 iliyopigwa Ulaya ilikuwa na dhahabu safi ya gramu 7.168, yaani uzito ule ule wa sarafu nzima ya Tabora pamoja na mchanganyiko wake. Basi serikali iliyoitoa ilitoa dhahabu robo tatu na kuihesabu kuwa kamili. Hata hivyo wakusanyaji wa leo hawalalamiki, kwa sababu wao hawanunui dhahabu, hununua Tabora na mwaka 1916.

Muuzaji wa bandia naye hajui kuuza madini, huuza hadithi. Atasema babu yake alikuwa askari wa Wadachi, akalipwa sarafu hii, akaifukia chini ya mwembe, na mvua ya juzi ndiyo iliyoifunua. Huenda akaongeza kwamba kuna Mzungu hotelini anayeitaka, naye atakuja kesho asubuhi. Hadithi ya namna hii yaweza kuwa kweli, maana askari walilipwa na watu walifukia mali zao, lakini hadithi haiwekwi juu ya mizani. Na ile habari ya mnunuzi wa kesho asubuhi haina kazi ila moja, kumnyima mtu wakati wa kupima.

Hoja inayowatega watu wengi zaidi ni ile ya vita. Mnunuzi akisema herufi hazikusimama vizuri, au uso wa sarafu una vipele, hujibiwa: «Ndugu yangu, ilitengenezwa na mafundi wa reli wakati wa vita, ulitaka iwe kama ya London?» Hoja hiyo ina ukweli nusu, nayo ndiyo ya hatari. Ni kweli kwamba sarafu za Tabora hazilingani zote kwa uzuri, na kasoro ndogo si ushahidi wa uongo. Lakini kasoro za sarafu iliyopigwa na kasoro za sarafu iliyosubiwa ni mbali mbali, kama vile kosa la mwandishi na doa la wino si kitu kimoja. Sarafu halisi hufanywa kwa kukiweka kipande cha dhahabu baridi kati ya mihuri miwili ya chuma na kukikandamiza kwa nguvu nyingi. Nguvu ile huisukuma dhahabu iingie katika kila mchoro. Herufi husimama wima, na uwanda ulio baina yake huwa laini. Muhuri ukikaa vibaya kidogo, picha yaweza kwenda upande, au sehemu moja ikatoka hafifu kuliko nyingine. Hizo ni kasoro za kupiga.

Mwenye kusubu hufanya vingine. Huchukua sarafu halisi, akaifanyia kalibu, kisha humimina madini yaliyoyeyuka. Yanapopoa madini husinyaa kidogo, na viputo vya hewa hubakia usoni. Kwa hiyo sarafu ya kalibu huwa na vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, au vipele mahali ambapo kalibu ilikuwa na shimo. Miguu ya herufi huwa ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Mikunjo ya ngozi ya ndovu hupotea, na macho ya tai hayaonekani. Ukingoni hubakia mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa iliyotumika kuuondoa mstari huo. Kioo cha kukuzia mara kumi, ambacho si kitu cha ghali, chatosha kuyaonyesha haya yote. Hakuna vita iliyoleta viputo vya hewa katika dhahabu iliyopigwa baridi.

Baada ya macho huja mizani. Mizani ndogo ya umeme yenye kuonyesha sehemu moja kwa mia ya gramu hupatikana kwa bei nafuu siku hizi, na mnunuzi aliye tayari kulipa maelfu ya shilingi hana udhuru wa kukosa chombo hicho. Sarafu ya shaba iliyo sawa kwa ukubwa na ile ya Tabora haifiki uzito wake, bali huwa kama gramu 4 tu. Ya risasi huwa kama gramu 5. Ikiwa mghushi ameifanya nene ili ifikie gramu 7 na zaidi, unene wenyewe utamsuta.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wachache hukifanya, nacho ni bora kuliko vyote vya nyumbani. Bilauri ya maji huwekwa juu ya mizani, na mizani hurudishwa kwenye sifuri. Kisha sarafu hufungwa kwa uzi mwembamba, ikatumbukizwa ndani ya maji yote mzima, bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha kiasi kidogo cha gramu, ambacho ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Uzito wa sarafu ikiwa kavu ukigawanywa kwa kiasi hicho, jibu ni mara ngapi madini yake ni mazito kuliko maji. Dhahabu ya karati 18 hutoa jibu kati ya 15 na 16. Kwa hiyo ndovu halisi atasukuma maji ya gramu 0.45 hadi 0.48. Shaba ya manjano hutoa jibu la 8 na nusu hivi, na risasi kama 11. Ipo madini iitwayo tangisteni, ambayo uzito wake ni karibu sawa na dhahabu safi, mara 19 na zaidi, nayo hutumiwa na wadanganyifu wa dhahabu ya vipande vikubwa. Lakini katika sarafu ya karati 18 au 22 tangisteni hujiumbua, maana huwa nzito kupita kiasi.

Sumaku husaidia kidogo. Ikiivuta sarafu, basi sarafu si ya dhahabu, na mazungumzo yamekwisha. Isipoivuta, hakuna lililothibitika, kwa kuwa shaba na risasi pia hazivutwi. Kuiuma sarafu kwa meno ni desturi ya kuharibu meno na sarafu kwa pamoja. Kuipeleka kwa sonara aisugue juu ya jiwe lake na kutia tindikali ni njia nzuri kwa bangili iliyovunjika, bali kwa sarafu ya ukusanyaji ni hasara, kwa kuwa kovu lile halifutiki na bei hushuka. Mwenye kutaka msaada wa sonara amwombe mizani yake, au mashine ya eksirei kama anayo, akikumbuka kwamba mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu na yaweza kudanganywa na mchovyo mnene.

Mambo yote yaliyotajwa humkamata mwizi wa madini. Kuna mwizi wa pili aliye mwerevu zaidi, ambaye hutumia dhahabu ya kweli na uzito wa kweli, nao ndio wanaoghushi sovereni. Sarafu hiyo si ngeni hapa. Kabla ya florini ya 1920 na shilingi iliyoifuata, sovereni ilikubaliwa kwa sheria katika Afrika ya Mashariki ya Kiingereza kwa rupia 15, na hata baadaye wanawake wa pwani walizivaa pauni hizo katika mikufu. Katika miaka ya 1950 karakana za siri za Italia na za nchi za Mashariki ya Kati zilipiga sovereni nyingi, nyingine zikiwa na dhahabu karibu sawa na ile ya kiwanda cha Kifalme. Faida yao ilikuwa wapi? Ilikuwa katika imani ya watu, kwa maana watu walilipa zaidi kwa dhahabu yenye sura ya sovereni kuliko kwa dhahabu tupu. Mwaka 1957 kiwanda cha London kilianza tena kutoa sovereni zenye tarehe mpya, na sababu mojawapo ilikuwa kuwaondolea waghushi hao faida yao.

Sovereni halisi ina uzito wa gramu 7.988 ikiwa mpya, upana wa milimita 22.05, na dhahabu ya karati 22. Katika zama ilipotumika sokoni, sheria ya Uingereza iliikubali hata ikichakaa kufikia gramu 7.938, chini ya hapo ilikataliwa. Wenye maduka wa Uingereza wa karne ya 19 walikuwa na mizani ndogo ya shaba yenye mwanya mwembamba. Sarafu iliwekwa ili iinamishe mkono wa mizani, kisha ikapitishwa katika mwanya. Chombo hicho kilipima uzito, upana na unene kwa pamoja, na siri yake ni kwamba madini hafifu yaweza kutimiza mawili kati ya hayo, lakini si yote matatu.

Kwa yule mwenye dhahabu ya kweli, mizani haitoshi; ni lazima sarafu isomwe kama hati isomwavyo ofisini, tarehe ikilinganishwa na sahihi. Malkia Victoria alifariki mwaka 1901, na Mfalme Edward wa Saba mwaka 1910. Basi sovereni yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano na tarehe 1908 haikutoka katika kiwanda chochote cha Serikali. Hakuna sovereni iliyo na tarehe ya mwaka wowote kuanzia 1940 hadi 1949, wala hakuna ya 1961. Na katika zile za kale zenye picha ya Mtakatifu George juu ya farasi, ambayo ilichorwa na Pistrucci na kutumika kwanza mwaka 1817, herufi ndogo mara nyingi hutafutwa katika ardhi iliyo chini ya farasi, juu ya tarehe. S ni Sydney, M ni Melbourne, P ni Perth, C ni Ottawa katika Kanada, I ni Bombay, SA ni Pretoria. London haina herufi. Ottawa ilipiga kuanzia 1908 hadi 1919, Bombay mwaka 1918 peke yake, Pretoria kuanzia 1923 hadi 1932. Kwa hiyo ikionekana sovereni ya 1915 yenye herufi SA, haihitaji mizani wala maji.

Hapo hapo ndipo penye hila iliyo nyembamba kupita zote. Sovereni ya London ya mwaka 1917 ni adimu, na bei yake ni kubwa kuliko ile ya Perth au Sydney ya mwaka huo huo. Tofauti baina yake ni herufi moja ndogo kuliko chembe ya mtama. Mtu mwovu aweza kuchukua sovereni halisi ya Perth, akaikwangua herufi P, akaiuza kama ya London. Dhahabu ni ya kweli, uzito ni wa kweli, hata tarehe ni ya kweli. Dawa yake ni kuitazama ile ardhi chini ya farasi kwa kioo, na kuigeuza sarafu polepole mbele ya mwanga wa dirisha. Mahali palipokwanguliwa hapang'ai kama jirani zake.

Sarafu zilizopata kuvaliwa shingoni zataka neno lake. Nyingi zilitiwa kikuku cha kupitishia mkufu, na kikuku kikiondolewa hubaki kovu la lehemu ukingoni. Sarafu hiyo si bandia, lakini isilipiwe bei ya sarafu nzima. Vivyo hivyo sarafu iliyosuguliwa kwa majivu au kwa dawa ya meno ili ing'ae: wakusanyaji huikimbia, na mwenye kuirithi sarafu kwa wazee wake aiache na uchafu wake.

Wengi siku hizi hununua kwa kuangalia picha katika intaneti. Picha haina uzito, na picha moja nzuri yaweza kuibwa na kutumiwa na wauzaji kumi. Makampuni ya Marekani kama PCGS na NGC huzikagua sarafu na kuzifungia katika visanduku vya plastiki vyenye nambari. Huo ni ulinzi wa maana, ila visanduku navyo hughushiwa. Nambari isomwe, itafutwe katika orodha ya kampuni yenyewe, na picha iliyomo huko ilinganishwe na sarafu iliyo mkononi, alama kwa alama, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Tena, zikionekana sarafu mbili zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale, mnunuzi ajue kwamba zote mbili zaweza kuwa watoto wa muhuri mmoja wa uongo, kwa sababu mkwaruzo halisi hutokea mara moja tu.

Muuzaji mwaminifu hachukizwi na mizani. Aombwe risiti iliyoandikwa jina la sarafu, mwaka wake, alama yake, uzito wake kwa gramu, na ahadi ya kurudisha fedha ikithibitika kuwa bandia, pamoja na idadi ya siku za kuikagua. Akikubali kuyaandika hayo yote na kutia sahihi, bei ndiyo inayobaki kuzungumzwa.